Kura za Mjomba Venya

Jumamosi, 6 Desemba

Nimerudi kutoka makao ya watoto yatima. Mwezi mzima najitolea pale na bado nawaogopa watoto. Wanakutazama mikono kwanza, uso baadaye. Mwenzangu Rodion hawaogopi. Ana kodiani na anajua kuipiga. Akiingia tu, wanamning'inia kama makoti kwenye misumari. Mimi hukaa na mmoja tu, Ulyana wa miaka saba, na nashuku anachofuata ni hita iliyo nyuma ya benchi langu.

Leo mkurugenzi, Zinaida Pavlovna, katangaza kwamba watoto wenyewe watapiga kura nani awe Babu Barafu kwenye sherehe ya Mwaka Mpya. Ndevu nyeupe, fimbo, gunia la zawadi. Wote wakamtazama Rodion. Rodion akatazama chini kwa unyenyekevu. Unyenyekevu ule! Nimeamua. Babu Barafu ni mimi.

Jumapili, 7 Desemba

Mpango umeanza. Sina kodiani, lakini mdomo ninao. Nimepita kwa mtoto mmoja mmoja nikinong'ona. Anayetaka viatu vya kutelezea kwenye barafu, nimemwambia ahesabu ameshavipata. Anayetaka mtoto wa mbwa, nimemkonyeza. Siku ya kwanza kabisa Zinaida Pavlovna alituonya tusiwaahidi watoto chochote, na habari ya kuwachukua nyumbani tusiitaje hata kwa mzaha. Sawa. Kukonyeza si kuahidi.

Ulyana haombi kitu. Nikambana aseme anachotaka. Akafikiri sana, akauliza kama kwetu kuna kitanda kitupu. Nikasema kuna kochi. Akauliza rangi. Nikasema kijani, na bila shaka atalipenda. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Sikumwambia kwamba kochi ni la mama, nyumba ni ya mama, na mama hajui lolote.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeshinda! Mikono iliinuka chumba kizima. Rodion kanikumbatia, kasema atanipigia kodiani nikiingia na gunia. Nimekosa hata cha kumchukia.

Halafu mlezi mmoja akanisimulia, akicheka, kwamba Ulyana amegawa kikombe chake na mto wake. Alipoulizwa sababu, akasema kwa Mjomba Venya, yaani kwangu, vipo. Begi lake limefungwa, liko chini ya kitanda. Mlezi anaona ni mchezo wa kitoto. Nikimwambia Ulyana ukweli atalia, Zinaida Pavlovna atauliza, na ndevu zitakwenda kwa Rodion. Nisipomwambia...

Nitamwambia kesho.

Jumapili, 14 Desemba

Sikumwambia. Wakati wa kuondoka nilijifanya napokea simu, nikakimbilia basi. Nilipogeuka, alikuwa dirishani amevaa koti.

Nilikuwa nakunywa chai na mama simu ilipolia kweli. Zinaida Pavlovna. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Ulyana hayupo. Begi halipo. Akauliza kama naelewa chochote. Nikasema sielewi. Kisha nikasema naelewa.

Rodion alinipitia na gari lake. Giza lilikuwa linaingia, theluji inapiga kioo, baridi ya kugandisha kope. Tukafuata barabara ya basi polepole. Kila rundo la theluji lilikuwa na umbo la mtoto. Nilimsimamisha, nikafukua kwa mikono, nikakuta kisiki. Nikamsimamisha tena. Jiwe. Kwenye daraja tukaona nyayo ndogo zikishuka kuelekea mto ulioganda. Mimi sikuthubutu kushuka. Akashuka Rodion. Nilibaki nimeng'ang'ania mlango wa gari nikimwomba Mungu, ambaye huwa simtembelei, na yeye pia nikimwahidi mambo.

Zilikuwa za mbwa.

Tulimkuta kwenye kibanda cha mlinzi wa reli, barabara inapokatiza njia ya treni. Mama mlinzi alimwona akitembea peke yake, akamvuta ndani. Amefungwa blanketi, anakunywa chai, begi mapajani.

"Mjomba Venya," akasema, "uliondoka haraka ukanisahau."

Nikafungua kinywa kusema ndiyo, nilisahau. Ingekuwa rahisi mno. Rodion akaniwekea mkono begani, mkono mzito.

"Mwambie mtoto."

Nikamwambia. Hakuna kuja kwetu. Sikuuliza mtu, sikuwa na ruhusa. Nilitaka kura yake tu.

Akalitazama begi. "Na kochi?"

"Kochi lipo."

"La kijani kweli?"

"Kweli."

Akakubali, kama mtu aliyerudishiwa angalau chenji. Kurudi, alikaa mbele na Rodion. Mimi nyuma, na begi.

Jumamosi, 20 Desemba

Hukumu imetoka. Sifukuzwi. Aliyenitetea ni Rodion, na hilo linauma kuliko kufukuzwa. Lakini mpaka theluji iyeyuke kazi yangu ni uani, na sepetu, na nisizungumze na mtoto yeyote. Babu Barafu ni Rodion.

Ulyana amerudishiwa kikombe. Mto bado. Alipita karibu nami, akasimama wima.

"Shikamoo, Veniamin Sergeyevich."

Jina langu kamili, kama anamwamkia polisi. Nimelia nyuma ya stoo ya kuni. Nimeelewa sasa. Naandika kwa herufi kubwa: SITAMWAHIDI MTOTO KITU TENA MAISHANI.

Jumamosi, 27 Desemba

Nilizoa theluji kimya, mtu mpya kabisa. Rundo likawa kubwa. Akaja msichana mdogo aliyeletwa juzi, hajui habari zangu. Akauliza kama najenga mlima wa kuteleza. Sikufungua mdomo. Amri ni kutozungumza. Nikaitikia kwa kichwa tu. Akauliza utafika wapi. Nikanyoosha sepetu, nikaonyesha paa.

Akakimbia ndani. Muda si muda madirisha yote yalijaa nyuso, na katikati yake uso wa Zinaida Pavlovna.

Nimefika nyumbani. Mlima wa barafu unajengwaje? Nasikia humwagiwa maji, lakini kabla ya kushindilia theluji au baada? Nitamuuliza mama. Hata hivyo nina hakika na jambo moja: Rodion hajawahi kujenga hata mmoja.