Milango Isiyo na Nyumba

Jumatatu, 3 Machi
Mkono umetulia! Vidonge vipya ni kiboko. Nimekunywa chai bila kumwaga hata tone, nikamwonyesha mke wangu kikombe kama mtoto anayeonyesha alama za mtihani. Mimi seremala niliyestaafishwa na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, leo nimepiga msumari ukaingia wima. Mchana nimepita kwenye jengo linalobomolewa. Nimerudi na mlango. Mbao ngumu, bawaba za shaba. Nitaukarabati, nitauuza. Jirani yetu mchomelea vyuma, tunayemwita Bwana Cheche, atajua fundi ni nani.

Jumatano, 5 Machi
Milango saba. Sijui imekuwaje. Naona mlango, kifua kinawasha, miguu inatangulia. Binti yetu amepiga simu kuuliza kama tunafungua hoteli. Wazo si baya. Mke wangu ameuliza milango hii ni ya nyumba gani. Nimejibu nyumba itafuata. Bwana Cheche amechungulia juu ya ukuta, akauliza siku hizi nafuga milango? Wivu mtupu!

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Nimeng'oa mlango wa choo niweke ulio bora. Ulio bora haukuingia. Ule wa zamani nilikuwa nimeshaukata vipande. Hapo ndipo mama mkwe akapiga hodi, kaja kututembelea! Mke wangu alisimama mbele ya choo kashika shuka badala ya mlango. Mimi nilifukuzwa hadi nje ya geti, nitazame barabara. Bwana Cheche akanikuta hapo. Nimemwambia napunga upepo.

Jumanne, 11 Machi
Mlango wa ukumbi, wenye michongo! Mbomoaji wa lile jengo hakutaka pesa, alitaka cherehani. Cherehani tunayo. Mke wangu alikuwa sokoni.
Aliporudi alikuta mlango umeegemezwa pale alipozoea kushonea. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda chake, mguu ukakanyaga sakafu tupu, mahali pa pedali.
"Zamani ulikuwa unaniambia upuuzi wako kabla hujaufanya," alisema. "Nilikuwa naupenda."
Usiku nimeufunika mlango kwa shuka.

Alhamisi, 13 Machi
Kliniki. Daktari ameuliza kama kuna jambo nashindwa kujizuia kulifanya. Nimesema hakuna kabisa. Mke wangu akakohoa. Nikaongeza: labda milango.
Daktari hakucheka. Ameeleza kuwa vidonge hivi hutuliza mkono, lakini kwa baadhi ya watu hulegeza breki za kichwani. Wengine hucheza kamari, wengine hununua ovyo, na wengi huficha. Nisiache ghafla, atapunguza taratibu. Huenda mkono ukatetemeka zaidi.
Mke wangu akaushika mkono wenyewe. "Utetemeke tu," akasema. "Kikombe nitashika mimi."
Nikajifanya nasoma bango la chanjo.

Ijumaa, 4 Aprili
Mwasho umepungua. Nimepita kwenye lile jengo, nikaona mlango, ukawa mlango tu. Nimelengwa na machozi, kama mtu anayemuaga rafiki mkorofi.
Bwana Cheche amekuja na mkokoteni bila kuombwa. Tumeirudisha milango yote kwa mbomoaji, cherehani ikarudi nyumbani. Njia nzima hakunitania hata mara moja. Nusura nimpende. Choo nacho amekitengenezea mlango wa bati. Unalia kama mbuzi, lakini unafunga.
Jioni nyumba nzima ilikuwa na sauti ya cherehani. Nimekaa karibu nayo, bila sababu.

Jumapili, 13 Aprili
Mkono unatetemeka, kichwa kimetulia. Milango nimekoma, naapa. Lakini madirisha! Mbomoaji ana madirisha ya vioo vya rangi. Ukiyaunganisha unapata banda la kuku lenye mwanga wa kijani na mwekundu. Kuku akifurahi hutaga zaidi, hilo liko wazi.
Safari hii nimemwambia mke wangu kwanza. Amenisikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari za furaha ya kuku. Kisha akanishika shavu, akasema hii sasa si dawa, huyu ni mume wake mwenyewe karudi. Na jibu ni hapana.
Ila alisema hapana huku akicheka mpaka akaegemea ukuta. Kwa ninavyomjua, hapana ya kicheko ni nusu ya ndiyo.
Kesho asubuhi naenda kuyapima madirisha.