Ombi la Kuchorewa X Mlangoni kwa Mama Mkwe

Ndugu Mkuu wa Idara ya Mipango Miji,

Pokea salamu za fundi wako wa rangi. Ni mimi ninayewafuata maofisa wako na kopo la rangi nyekundu, nikichora X ya kubomolewa kwenye kuta zilizojengwa bila kibali. Nimetukanwa kwa kazi hiyo hadi nimezoea. Leo lakini nakuandikia kama mkazi mwenye kiwanja cha ujazo mdogo, ambako kanuni zako zinasema wazi: nyumba moja, kaya moja. Kwangu kanuni hiyo imevunjwa, na mvunjaji ni mama mkwe.

Alikuja kung'oa jino. Jino liliondoka siku ileile, yeye akabaki. Akafuatwa na shemeji yangu kinyozi, mkewe na watoto wao. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kubadili matumizi ya jengo. Sebule yangu ilipitishwa kuwa ya makazi. Sasa ni saluni. Kioo kimetundikwa juu ya televisheni, na nikirudi kazini nakuta mteja amekalia kiti changu, kafungwa shuka langu shingoni, ananiambia, "Mzee, panga foleni."

2. Kuvamia hifadhi ya barabara. Korido ya kwenda msalani imetandikwa magodoro.

3. Kupandisha ghorofa bila mhandisi. Shemeji ameweka kitanda juu ya kitanda, kisha cha tatu juu yake, katika mtaa usioruhusiwa ghorofa hata moja. Mtoto wa juu kabisa anafika darini kwa miguu, na rangi niliyoipaka kwa mikono yangu sasa ina nyayo.

4. Kelele. Kila alfajiri mama mkwe hugonga mlango wangu: "Baba, amka, chai inapoa!" Hata siku ya mapumziko. Nilimweleza kwa adabu kwamba chai ikipoa hupashwa moto. Akasema, "Ikishapashwa si chai tena hiyo, baba."

Utauliza kwa nini nisiwaambie tu waondoke. Ndugu Mkuu, wewe umeoa? Nikifungua mdomo, mke wangu ataninunia mpaka nistaafu, na mama mkwe atafunga mizigo huku analia, majirani wakiangalia. Serikali hainuniwi. X ikionekana kwenye mlango wa chumba chake, nitasikitika pamoja nao, nitailaani Idara yako kwa sauti kubwa, na ikibidi nitatoa chozi.

Naomba basi amri yenye muhuri. X ichorwe na fundi mwingine, maana yangu mke wangu anaijua: mguu wa kulia huwa naurefusha. Wakikaidi, leta tingatinga libomoe chumba hicho tu, taratibu, lisiguse jiko. Na kiti changu kitangazwe eneo la hifadhi.

Nisalimie karani wa mapokezi, dereva wa tingatinga, na wajumbe wote wa kamati ya ujenzi pamoja na wakwe zao.

Wako katika kuilinda ramani ya mji,
Fundi Rangi

Nyongeza: Kabla sijaileta barua hii, shemeji kapata nyumba ya kupanga kule karibu na viwanda, na jana wamehama wote. Mama mkwe kaniaga akicheka. Hakulia hata kidogo, na hilo limeniuma. Kiti changu nimekikalia mpaka nimekichoka. Leo hakuna aliyenigongea. Nimechelewa kazini, na chai nimeikuta imepoa, nikaipasha moto. Mama mkwe alisema kweli. Kwa hiyo lile ombi la juu lifute. Walikohamia, kwa ramani yako, ni eneo la viwanda, si la makazi. X ipelekwe huko upesi, warudi nyumbani. Usihangaike kutafuta fundi, hiyo nitaichora mwenyewe. Mguu wa kulia nitaufupisha.