Oili Mpya ya Mzee Bosire

Gentrix ndiye aliyeliona tone kwanza. Lilikuwa chini ya gari kubwa jeusi lililoegeshwa mbele ya duka la mbolea sokoni Ikonge, rangi yake kati ya nyekundu na nyeusi, na alipoinama lilinuka kama mahindi yaliyosahaulika motoni. Alitazama tena. Kwa kawaida tone la namna hiyo hulidondosha yeye mwenyewe, kwa kichupa cha dawa ya macho, mwenye gari akiwa bado dukani. Leo kichupa kilikuwa mfukoni, kimefungwa.

Mwenzake wa kazi, Anyona, hakuuliza tone limetoka wapi. Alikuwa mtu wa shati jeupe na tumbo la heshima, na siku maneno yalipogawiwa duniani alipanga foleni mara mbili. Alimngojea mwenye gari, Mzee Bosire, dalali wa mashamba, akamsalimu kwa Kikisii, akimwita tata, yaani baba, kama mtoto wa jirani, kisha akamwonyesha lile tone kwa huzuni ya mtu aliyeleta habari za msiba.

"Tata, oili ya giaboksi ulibadilisha lini?"

"Aliyeniuzia gari alisema hiyo oili ni ya maisha."

"Maisha ya nani? Yake au yako?"

Mzee Bosire alicheka, halafu akaacha kucheka. Akauliza gereji zinatoza kiasi gani. Anyona akamtajia bei iliyomfanya mzee ashike mlango wa gari. Akaongeza kwamba yeye huifanya kazi hiyo nyumbani kwa mwenye gari, mchana kweupe, na mkono wake haugusi hela ya oili hata siku moja; mzee ajinunulie mwenyewe mikebe mitatu ya oili nzuri, mipya, yenye vifuniko visivyoguswa. Hapo ndipo watu humpenda Anyona. Mzee naye alikuwa na hesabu yake: kazi ikiisha angemlisha fundi ugali na kuku, amwombee baraka, na habari za malipo zingefia hapo hapo mezani.

Basi wezi wawili wakapeana mikono, na kila mmoja akamhurumia mwenzake.

Ujanja wenyewe ulikuwa hivi. Gentrix alikuwa mwembamba, kwa hiyo yeye ndiye aliyeingia chini ya gari. Angeingia na mikebe mipya, na gunia lenye mikebe mitupu mitatu inayofanana nayo. Huko chini angefungua nati, aimwage oili kidogo kwenye beseni ili isikike, airudishe ile ile, kisha atoke na mikebe mitupu mkononi. Mipya ingelala ndani ya gunia, na jioni hiyo ingeuzwa kwa Momanyi, mwenye duka la vipuri mjini Kisii. Magari ya awali yalikuwa mazima, hakuna aliyeumia sana.

Miaka miwili Gentrix alikuwa amelala chini ya magari ya watu. Alitoka kwao ziwani bila kumaliza darasa la sita, na kusema mbele ya watu kulimshinda, lakini nati zote alizijua kwa vidole. Alijua oili itoke ikiwa na joto, na kwamba haitoki yote mara moja. Alichokuwa hajawahi kufanya ni kuimaliza kazi. Kila gari alilifungua, akalifunga kama alivyolikuta. Na hili la mzee lilikuwa gonjwa kweli. Walipokuwa wakipelekwa nyumbani alilihisi likishtuka kila gia ilipoingia, na barabara ya huko ni kupanda na kushuka tu. Lingeachwa hivyo, lisingefika mwisho wa mwezi.

Walipofika, Anyona alimwambia mzee kwa Kikisii kwamba huyu msichana ni wa kupitisha spana tu, hata namba zake hazijui. Miaka miwili amekuwa akisema hivyo kila boma, na hakuwahi kufikiri kwamba miaka miwili inamtosha mtu kujifunza Kikisii.

Gentrix aliutazama ua. Akasema, kwa sauti ndogo, "Hapa pameinama."

Anyona alimkanyaga mguu. Mzee akauliza kuna shida gani pakiinama.

"Oili italala upande mmoja. Kipimo kitadanganya."

Sasa, kutafuta mahali tambarare katika milima ile ni kazi ya nusu siku. Palikuwa na mahali pamoja tu, uwanja wa banda la kupimia majani chai, na mzee akalipeleka gari huko. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao. Wakageuka wote.

Anyona alifanya kazi yake, yaani aliongea. Gentrix alitandika gunia jingine, akaweka magogo kwenye magurudumu, akaingia chini. Oili ya zamani ilitoka nyeusi. Aliimimina kwenye mkebe mtupu wa kwanza ili ajue imetoka kiasi gani, kisha akarudisha mpya kiasi kile kile. Akamwomba mzee awashe injini, akanyage breki, apitishe gia moja moja, halafu azime. Akafungua tena. Mara tatu. Mikebe mitupu mitatu ikajaa uchafu na kurudi guniani, na mikebe mipya mitatu ikabaki mitupu. Mwishoni injini ikiwa inanguruma aliifungua nati ya kipimo, akangoja mpaka oili nyekundu safi ikachungulia pale pale inapotakiwa. Alitabasamu peke yake kule chini.

Anyona alidhani hayo yote ni maigizo kwa ajili ya macho ya watu. Alipopokea gunia zito alimnong'oneza kwamba leo ameigiza vizuri kupita siku zote, akamuaga mzee kwa kisingizio cha mgonjwa aliyemzua papo hapo, akapanda bodaboda. Hata kuku hakumngoja.

Mzee Bosire alilipandisha gari mlimani na kurudi. Alishuka polepole. Hakusema lolote juu ya kuku. Alitoa pochi, akashangaa mwenyewe kuiona mkononi, akamlipa Gentrix, na akamwambia kwamba shemeji yake wa Nyamache ana gari kama hili.

Simu ikalia. Anyona alikuwa dukani kwa Momanyi, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Gentrix, hii mikebe ina oili chafu."

"Najua. Nilipimia."

"Na mpya iko wapi?"

"Iko kwenye gari."

Anyona akamuuliza, kwa upole wa kutisha, anafikiri yeye ni nani hasa.

Wanawake wenye vikapu walikuwa wanamtazama. Gentrix alifuta mikono kwenye sketi.

"Anyona," akasema, na mara hii foleni nzima ilimsikia, "wewe hujawahi kulala chini ya gari hata siku moja. Fundi ni mimi."