Hamira ya Kung'aa

Jumamosi, 2 Agosti
Kifurushi kimefika na basi la Dar! Hamira, unga wa kuikuzia na kichupa cha jeni ya yavuyavu, yule mdudu wa baharini. Ukivichanganya, hamira inang'aa kijani gizani. Nitaipeleka kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Mwaka jana jirani yangu Limbu alipata cheti kwa dume lake la ng'ombe. Tangu hapo kila asubuhi ananipa mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma, akiwa amelishika kamba. Makusudi!

Jumatatu, 4 Agosti
Hamira inataka joto. Mashine sina. Ila mke wangu Felisita ana kuku anayeatamia. Nimepenyeza chupa kati ya mayai. Kuku kaisukuma nje. Nimeirudisha. Kanidonoa. Nimeirudisha tena. Kasusa, kapanda juu ya banda, mayai yanapoa! Felisita amefoka, anataka kujua nani kamtibua kuku wake. Nimesema labda kicheche. Chupa nimeihamishia kwapani. Limbu ameniuliza kama nimevunjika mkono.

Jumatano, 6 Agosti
Siku ya kukagua kama inang'aa. Mchana nyumba hii haina giza ila kabatini. Nimeingia na chupa, nikajifungia. Sijaona kitu. Nikasubiri macho yazoee. Kabati likafunguka! Felisita alifuata sare za kwaya, na nyuma yake wanakwaya wenzake.

"Baba Salu, unafanya nini humo?"

Nikasema sayansi. Mmoja wao, Mama Domitila, akaanza kukemea pepo.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa! Niliacha chupa jikoni. Felisita ameona hamira imeumuka vizuri, kaikandia maandazi ya kwaya. Nimekuta watu wanalamba vidole. Limbu yuko kwenye andazi la nne. Nimepiga kelele wateme, yana jeni ya yavuyavu! Limbu kauliza kama yamebaki mengine. Nikimuua jirani kwa andazi, nitamwambia nini mkewe?

Nimekimbilia maelezo ya kifurushi nikitafuta dawa. Ndani ya boksi nimekuta kichupa cha jeni. Bado kimefungwa! Sikukitia. Siku zote hizi nimebeba hamira ya kawaida kwapani. Nimeshukuru Mungu, kisha nimekasirika sana.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, viwanja vya Nyakabindi. Mimi mikono mitupu. Kwaya imeuza maandazi, foleni mpaka barabarani. Felisita kapewa cheti. Limbu kapewa cheti. Watu wameniomba niwapige picha wote wawili pamoja. Na dume.

Jumapili, 10 Agosti
Felisita amenikalisha chini. Amesema nusura niue watu na kuku wake hajarudi kwenye mayai. Ameniapisha mbele ya mama yake nisiguse hamira tena. Nimeapa, na kwa moyo wote. Hamira ni kosa kubwa: inalika.

Nimeagiza vyura. Hapa Bariadi hakuna anayekula chura. Wanakuja wazima na basi la Jumanne, jeni yao ya kung'aa kwenye boksi la pembeni. Felisita anakwenda kwa dada yake huko Mwandoya wiki nzima, na pipa la maji ya kunywa halina kazi.