Mashine Ndani ya Hotipoti

Jumatatu, 2 Juni 2003
Mashine imefika! Shemeji Luqman ameniletea kutoka Dubai. Unachomeka waya wake chini ya usukani, gari linataja ugonjwa wake kwa namba. Mtaa wetu wote wa Sakina hakuna nyingine. Mafundi wenzangu waendelee na ushamba wao: gari likikushinda, unagonga lile ringi la lori lililoning'inia getini mwa gereji yetu, wote wanakuja kuinamia boneti, kila mtu na lake. Mimi siligongi tena. Mashine nimeificha kwenye hotipoti. Mke wangu Maulida ameuliza chakula changu kitakaa wapi. Haelewi maendeleo.

Jumanne, 3 Juni
Ushindi! Nimefumba macho juu ya injini ya mwalimu mmoja, nikatangaza: pampu ya mafuta. Namba nilikwisha kuisoma kwa siri. Kitabu cha mashine kilitaja pampu tu; jinsi ya kuitibu nilimchimba Saruni, fundi wa pampu, nikijifanya namjaribu. Alieleza yote, sifa nikabeba mimi. Gadiel, fundi umeme, akashauri tuungane tuombe kazi ya kutengeneza magari ya watalii ya Mzee Sakaya. Nikamjibu kipaji hakigawanywi.

Alhamisi, 5 Juni
Mzee Sakaya amepita mwenyewe. Nikampa shikamoo ya kuinama. Jumamosi ataleta Prado mpya iliyogoma kuwaka. Atakayeiponya anapewa kazi ya magari yake yote! Nikamdokeza kwamba wenzangu ni wa kusukuma tu. Gadiel akasikia. Saruni pia. Chai yao leo sikukaribishwa.

Jumamosi, 7 Juni
Mashine ikatoa namba. Kitabu chake kinasema sensa ya injini, kile kifaa kinachohisi injini ikizunguka. Nikabadilisha sensa. Haikuwaka. Nikauliza hewani, kama mtu anayejiwazia, sensa ikiwa nzima tatizo huwa wapi. Gadiel anasoma gazeti. Saruni anakula muhogo. Mzee anatazama saa. Na Maulida nimeshamwahidi maisha mapya! Nikarusha spana kwa hasira. Ikagonga ringi.

Wakaja mbio wote. Ringi likilia hakuna kununa. Aibu gani hii! Nikafungua hotipoti mbele yao, nikasoma namba. Gadiel akaufuata waya wa sensa kwa vidole. Saruni akamuuliza Mzee gari lilikuwa limelala wapi. Kikatiti, akasema, kwenye ghala la mahindi. Panya! Walikuwa wameutafuna waya nyuma ya injini. Tukaunga, ikawaka. Mzee ametupa kazi sote, kwa sharti mashine ikae getini, kando ya ringi, kila fundi aitumie. Tulishangilia kama watoto. Nilifurahi mpaka machozi, nikasingizia petroli.

Jumapili, 8 Juni
Nimetafakari. Bila spana yangu nani angekuja? Shabaha ile ni kipaji. Kazi ya Mzee nimeileta mimi, hata kama wenzangu hawasemi. Ila mimi si mchoyo. Mashine nimeitundika getini kwa mkono wangu mwenyewe, mali ya wote.

Waya wake wa kuchomekea uko kwenye hotipoti yangu. Maulida amenifungia wali wa kesho kwenye mfuko wa nailoni.