Mke wa Mwanangu Asinirushie Tena Mpira

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Michezo,

Natumaini u mzima na kwamba mgongo umepoa. Mimi si mzima, na sababu yake ndiyo barua hii.

Unanifahamu. Mimi ndiye mama wa meza ya kola, ninayeshona kola za sare tangu kiwanda kikiwa na paa la muda, na nimo katika timu yetu ya softiboli tangu siku ile uliponunua gongo la kwanza la kupigia mpira ukadhani ni mpini wa jembe. Sijawahi kulalamika. Hata mliponipa jezi yenye jina la duka la rangi, niliivaa. Lakini sasa maji yamenifika shingoni, na ninaomba kwa adabu zote kamati ipige marufuku mrushaji wa timu kuwarushia mipira ya mazoezi wapigaji wa timu yake mwenyewe.

Mrushaji wetu, kama ujuavyo, ni mke wa mwanangu, yule wa chumba cha kukatia vitambaa ambaye wenzake wanamwita Kombeo. Mkono wake huzunguka mara moja kutoka juu hadi kwenye nyonga, na kinachofuata ni mdakaji kupuliza viganja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kasi. Mipira ile ilikusudiwa maadui, yaani timu ya kiwanda cha mikate. Wale wanakuja na basi lao na kelele zao, wanastahili kila kitu. Mimi ninakuja kwa miguu nikiwa nimebeba chupa ya chai aliyoichemsha Kombeo mwenyewe, naye ananirushia kana kwamba nimeiiba. Nauliza kwa unyenyekevu: mkasi mpya wa chumba cha kukatia tunaujaribu kwenye vidole vya wenzetu?

2. Nilipomweleza kocha wetu, dereva wa lori, alinijibu kwamba mpira haumjui mama mkwe. Hata hivyo alimwomba Kombeo anipunguzie. Akanipunguzia. Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Nilizungusha gongo kwa nguvu zote nilizojaliwa, nikazunguka nalo, nikakaa chini, ndipo mpira ukafika. Ukapita juu ya kichwa changu taratibu, kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba. Meza nzima ya vifungo ilikuwepo. Kumbe ule wa polepole ndio silaha yake kubwa! Kwa hiyo akirusha kwa kasi ananikosea adabu, akirusha taratibu ananidharau, na mwendo wa katikati nimeambiwa hana.

3. Mwamuzi wa mazoezi ni mwanangu, fundi wa cherehani. Nilimzaa mwenyewe, nikamfundisha kutembea, naye akasimama nyuma yangu mbele za watu, akahesabu kwamba nimekosa mara tatu, akasema, "Mama, umetoka." Sikutoka. Nilisimama palepale mpaka wakahamishia mazoezi upande wa pili wa uwanja.

4. Lalamiko hili nimelifuta kwa ombi la familia.

5. Nyumbani. Tukiwa mezani siku hizi simwangalii usoni, ninamwangalia kifundo cha mkono. Juzi alinipitishia chumvi, nikainama. Mgeni wetu, mwalimu wa nyumba ya pili, naye akainama, kwa heshima. Akiniuliza kama aniongezee chai, uso wake ni uleule anaouweka kabla ya mpira wa polepole, nami siwezi kujibu mpaka nione chai inakuja kwa mwendo gani. Sisemi kwamba hatuishi vizuri. Nilipovunjika mguu, huyu binti ndiye aliyeniuguza, akaniogesha, akanibeba mpaka uani nipate jua. Ndiyo maana inaniuma.

6. Hili ndilo kubwa. Kocha anasema anayeweza kuugonga mpira wa Kombeo hatashindwa na wa mtu mwingine yeyote. Hesabu yake naikubali, ila tuimalize. Tusipoweza kuugonga, tutakwenda kwenye mechi tukiwa tumezoea kukosa, tunauomba mpira radhi kabla haujafika. Tukiweza, basi mrushaji wetu amekwisha, maana kama bibi wa meza ya kola anaugonga, watu wa mikate wataufanyaje? Mazoezi yakifanikiwa timu imekufa, yasipofanikiwa timu imekufa. Na kocha ameshaniambia waziwazi kwamba nisipogusa hata mpira mmoja kabla ya mechi na watu wa mikate, nitakaa benchi nilinde chupa za maji. Mimi, Ndugu Mwenyekiti. Nilinde chupa.

Basi naomba kamati iamue kwamba mrushaji asiwarushie wakwe zake. Kisha, ili usionekane upendeleo, asiwarushie wenzake wote wa timu. Kwa haki hiyohiyo asimrushie mtu anayechota naye maji bomba moja, wala anayefahamiana naye kwa sura. Hapo watabaki watu wa mikate tu. Lakini nimechunguza, na mpigaji wao wa kwanza ni binamu wa mdakaji wetu, na wa pili sare zake tumemshonea sisi. Kwa hiyo, tukiifuata haki mpaka mwisho wake, Kombeo asimrushie mtu yeyote. Mechi ichezwe bila mpira. Kila timu isimame ieleze ingefanya nini, na mwanangu, kwa kuwa anapenda sana kuamua, aamue.

Nakuachia neno la mwisho, nikiwa na imani na kamati na mashaka na kocha. Nisalimie mhasibu, mlinzi wa geti na paka wake, mama watoto, na mdakaji ukimwona mwambie viganja vitapona.

Wako katika kola na michezo,
Mama wa Meza ya Kola

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua. Mwanangu alimpelekea kocha maneno haya, na jana wakanitafutia mtu baki wa kunirushia, yaani mtunza stoo. Nimepiga mipira yake yote, hata mmoja aliokuwa bado anaupangusa. Watu wakapiga makofi. Kocha akasema nimo kwenye mechi. Nikarudi nyumbani na huzuni ya mtu aliyemshinda mtoto mchanga mbio.

Kombeo alikuwa ameketi pembeni muda wote. Jioni, akiwa anaosha vyombo, alisema bila kunigeukia: "Mama, wiki hii ulikuwa umeshaanza kuuona mpira. Nilikuwa nakuangalia. Ilibaki kidogo tu."

Nimekasirika mpaka sasa. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mtu alikuwa ananiangalia. Futa malalamiko yote, na lile la nne pia, ingawa lilikuwa zuri. Kama ni kukaa benchi nitakaa, lakini nikikosa, nikose wa kwake. Nirudishieni mrushaji wangu kesho, na yeyote atakayemwambia anipunguzie mwendo, huyo nitamwandikia barua.