Shaba Chini ya Magodoro

Siku Mtaalamu alipopanda mlimani kukitazama kiwanja alichoachiwa na bibi yake, aliwakuta wachorongaji wa kampuni ya shaba wanafungasha. Mtambo wao ulishapakiwa kwenye lori. Ardhini palibaki shimo lililozibwa kwa zege, na bomba la chuma lenye namba.

"Vipi wakubwa, mmekuta nini?"

"Hamna kitu," alijibu msimamizi wao, anacheka. "Jiwe tupu mpaka chini. Hata shaba ya kutengenezea pete hakuna."

Wakapeana mikono, wakapongezana, wakaondoka. Ama kweli mtu wa mshahara hana uchungu, Mtaalamu alijisemea. Anafurahia hata kukosa. Angeuliza kwa nini wanafurahi, hadithi hii ingeishia hapa na sisi tungekwenda kulala. Lakini mjanja haulizi. Mjanja anajua.

Alichojua ni kwamba watu wanaamini mlima ule una shaba nyingi ajabu. Kila mtu mjini aliyasikia hayo tangu ananyonya. Kampuni hii ikaja ikapima ikaondoka, ikaja ile, na mgodi ukabaki maneno. Safari hii lakini waliletwa mainjinia kabisa, watu wa kuchora barabara, bwawa la taka na nyumba za wafanyakazi. Mji mzima ukapata homa ya shaba, na mwenye homa humeza chochote anachopewa.

Basi Mtaalamu, ambaye elimu yake yote ya madini ilikuwa kofia ngumu ya mtumba, aliokota mawe ya pale kiwanjani akayaloweka kwenye mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia mimea. Mawe yakapendeza. Mikono yake nayo ikapendeza, na sabuni haikusaidia kitu. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Magodoro.

Mama huyu alikuwa mjane mwenye duka la magodoro kwenye barabara kuu, na vyumba viwili vya kupangisha juu. Mtaalamu alilimezea mate duka lile muda mrefu. Umri ulikuwa unakwenda, hakuwa na hata mlango mmoja wa kuuita wake. Alikuwa analala sebuleni kwa dada yake, na shemeji alishaanza kumsalimia kwa kukohoa. Mali yake yote duniani ni kile kiwanja ambacho hata mbuzi walikipita bila kusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au kuongea?"

"Nimekuja kukutajirisha."

"Basi kaa. La utajiri haliongelewi wima."

Akaweka jiwe la bluu mezani. "Limetoka kiwanjani kwangu. Kampuni imechoronga pale, nenda kaone shimo kwa macho yako. Watu hawatoboi mahali pasipo na kitu!"

"Hawatoboi?"

"Wewe ungetoboa?"

"Mimi sina mtambo, mwanangu."

Mtaalamu akavua kofia ili somo liingie. "Shaba, mama, imelala ardhini tabaka juu ya tabaka, kama haya magodoro yako. Juu udongo, katikati jiwe, halafu huku chini sasa..." Akalishika godoro lililoegemea ukuta wa nyuma, akaanza kulivuta.

"Wee! Acha hilo!" Mama alipiga ukelele mpaka mteja mlangoni akageuza njia. "Hilo lina mwenyewe!" Akaliegemea kwa mgongo wake wote, na mgongo haukuwa haba. "Endelea, nakusikia. Imelala tabaka."

"Tubadilishane. Duka lako kwa kiwanja changu. Sitaki nyongeza."

"Kama ni mali hivyo, mbona hukai nayo?"

"Mimi kapera, mama. Kampuni itaniona mhuni, inizungushe. Wewe mtu mzima, una heshima zako."

Mama akafuta jicho kwa ncha ya khanga. "Hili duka kaniachia marehemu." Hapo Mtaalamu aliona uchungu wa kweli moyoni. Ukampita, kama kiungulia. "Haya," mama akasema. "Ila tuandike kwamba fidia yoyote ya kampuni, iwe ya duka au ya kiwanja, ni yangu. Sitaki ugomvi uzeeni."

Fidia ya duka! Mtaalamu aliuma midomo asicheke. "Hata ya choo chukua, mama yangu."

Kwa wakili mtaa mzima ulikuja kushuhudia. Alikuwepo fundi saa, ambaye Mtaalamu aliwahi kumuuzia saa isiyo na mashine ndani. Alikuwepo kinyozi, aliyeuziwa shamba la kanisa. Wote walitabasamu, na saini ilipokauka wakapiga makofi. Mtaalamu machozi yakamlengalenga. Kumbe watu wananipenda, akawaza.

Kesho yake mama akahamisha mzigo. Godoro la mwisho lilipoondoka ukutani, nyuma yake palikuwa na alama ya X, nyekundu, kubwa kama godoro lenyewe, na neno BOMOA.

"Mama! Hii nini?"

"Aa, hiyo? Waliipiga wapimaji wa kampuni, ndani ya kila duka, wiki ile ulipojificha kwa sababu ya fundi saa. Shaba yenyewe imeinama kuja huku, mwanangu, iko chini ya haya maduka yetu. Kule mlimani ni mkia tu. Safu hii yote tunapisha mgodi."

Mtaalamu akatazama sakafu, kisha akamtazama mama. "Na fidia?"

"Si uliniandikia?"

"Lakini kile kiwanja hakina kitu! Jiwe tupu!"

"Ndiyo uzuri wake. Mainjinia si wapangaji wangu hapo juu? Kila jioni wanayaongea. Huwezi kuhamishia mji juu ya shaba, kesho utauvunja tena. Kwanza wanachoronga wahakikishe hakuna kitu. Wakikosa, wanashangilia. Mji mpya unakwenda kule, na barabara inapita mlangoni kwako." Akajisahihisha. "Kwangu."

"Mtaa mzima mlijua?"

"Mpaka mtoto wa kinyozi."

"Na hakuna hata mmoja wa kuniambia!"

"Wakuambie wewe?" mama akashangaa kweli. "Wewe si ndiye mtaalamu?"

Akamwangalia alivyosimama na mikono yake ya bluu, huruma ikamwingia, maana hakuwa mtu mbaya. Akachomoa godoro jembamba la futi mbili na nusu. "Shika, mwanangu. Sebule ya dada yako ina baridi, na hapa wanabomoa mwisho wa mwezi."

Mtaalamu akajitwika godoro, akapita barabara kuu nzima. Kinyozi akamsalimia. Fundi saa akamwuliza saa ngapi.

Nyumbani shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Leo hakukohoa. Alisogea akampisha aingie, akalitazama godoro lote, toka mwanzo mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Hilo ni la kukaa sana, shemeji?"